Somo: Kusaka badiliko la saratani ya kurithi, kuanzia ukoo hadi ripoti

Somo hili ni la mchambuzi wa kompyuta aliyeko Uganda ambaye ana sampuli za damu za wagonjwa wa saratani ya matiti, ovari au tezi dume. DNA imeshasomwa na faili zimeingia kwenye seva. Jeni zinazolengwa kwanza ni BRCA1 (kromosomu 17) na BRCA2 (kromosomu 13), kisha PALB2, TP53, ATM na CHEK2.

Hatua ya 1: Nyoosha ukoo

Usifungue faili hata moja kabla ya hapa. Karatasi ya mahojiano ikisema "mama yake naye aliugua", uliza: ni mama mzazi, mama mdogo au mama wa kambo? Mama mzazi amempa mgonjwa nusu ya DNA yake. Mama mdogo wa tumbo moja na mama mzazi anashiriki naye takriban robo. Mama wa kambo hashiriki naye chochote. Kwa Kiganda, ndugu wa kiume wa baba naye ni taata, na neno "ndugu" lenyewe linabeba watu wa baba mmoja mama mmoja (nusu), wa baba mmoja tu (robo), hata binamu (sehemu moja ya nane). Karani akiandika "ndugu watatu wameugua", hesabu yako ya urithi inaweza kuwa imeharibika tayari.

Kwa hiyo usiandike majina ya udugu. Andika safu sita: ukoo, namba ya mtu, namba ya baba mzazi, namba ya mama mzazi, jinsia (1 mwanamume, 2 mwanamke), hali (1 mzima, 2 mgonjwa). Asiyejulikana ni 0. Na upande wa baba usirukwe. BRCA1 na BRCA2 hupita kwa wanaume sawasawa na kwa wanawake, hivyo ssenga (shangazi, dada wa baba) aliyeugua saratani ya matiti ana uzito uleule wa mama mdogo aliyeugua.

Hatua ya 2: Vibali

Kamati ya maadili kwanza, kisha usajili wa UNCST (Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda). Sheria ya ulinzi wa data binafsi ya mwaka 2019 inahusu DNA pia. Orodha inayounganisha namba na majina isikae kwenye seva ya uchambuzi.

Hatua ya 3: Panga vipande kwenye genomu rejea

Kagua ubora wa vipande vya DNA vilivyosomwa kwa FastQC, vipange kwa BWA-MEM, tia alama nakala zilizojirudia kwa MarkDuplicates. Weka taarifa za kundi la sampuli (@RG) wakati wa kupanga. Ukisahau, GATK (programu za kutambua mabadiliko) itagoma mbele ya safari.

Chagua GRCh38 (toleo la genomu rejea lililofuata GRCh37) na usichanganye. Kwenye GRCh37, BRCA1 iko karibu na nafasi ya milioni 41.2, kwenye GRCh38 iko karibu na milioni 43.1. Angalia pia kama faili zako zinaandika "chr17" au "17" tupu. Orodha ya maeneo ikiandika vingine, baadhi ya programu zitakupa faili tupu bila kulalamika, nawe utadhani mgonjwa hana kitu.

Pima kina (kila herufi imesomwa mara ngapi) kwa mosdepth, eksoni (kipande cha jeni kinachobaki kwenye ujumbe wa kutengeneza protini) kwa eksoni. Eksoni yenye kina chini ya 20 iorodheshwe kwenye ripoti kama haikusomwa vya kutosha. Wastani wa 100 kwa jeni nzima unaweza kuficha eksoni yenye 6.

Hatua ya 4: Ita (tambua) mabadiliko

Tumia HaplotypeCaller ya GATK kwa kila sampuli katika hali ya GVCF (inayorekodi hata sehemu zisizo na badiliko), halafu sampuli zote kwa pamoja. Kisha sawazisha kwa `bcftools norm -f rejea.fa -m -any`.

Hapa wengi hujikwaa kwenye jambo moja. Faili ya VCF (orodha ya mabadiliko) husukuma ufutaji wa herufi kushoto kabisa mwa genomu, ilhali majina ya kitabibu (yale ya c.) huusukuma kuelekea mwisho wa jeni. BRCA1 husomwa kinyumenyume, kwa hiyo pande hizo mbili hukutana. BRCA2 husomwa mbele, kwa hiyo penye herufi zinazojirudia ufutaji uleule unaweza kubeba namba mbili tofauti. Usilinganishe kwa macho. Acha VEP (programu ya kutafsiri mabadiliko) itafsiri kwa nakala rejea za jeni (transcript) NM_007294 (BRCA1) na NM_000059 (BRCA2).

Hatua ya 5: Pima uzito wa badiliko

Fuata madaraja matano ya mwongozo wa ACMG/AMP (vyama vya Marekani vya jenetiki ya tiba na patholojia ya molekuli) wa 2015: lenye madhara, pengine lenye madhara, lisilojulikana, pengine salama, salama. Tazama ClinVar (hifadhi ya wazi ya tafsiri za mabadiliko), lakini soma ni nani aliyewasilisha na kwa ushahidi gani.

Hapa ndipo ninapoomba umakini wako wote. Badiliko kutoonekana gnomAD (hifadhi ya mabadiliko ya DNA ya watu wengi duniani) ni ushahidi dhaifu sana kwa mgonjwa wa Uganda. Kundi la Kiafrika la gnomAD limejaa Wamarekani weusi, ambao asili yao kubwa ni Afrika Magharibi. Badiliko la kawaida Masaka au Gulu linaweza kuonekana adimu huko, likapewa uzito lisioustahili, na mwanamke mwenye afya akaishi na hofu isiyo yake. Linganisha na watu wa kawaida wa hapa: data ya Kyamulibwa (eneo la vijijini kusini-magharibi mwa Uganda) iliyochapishwa 2019 ina genomu nzima karibu 2,000, na huombwa kwa utaratibu maalumu. Kama mradi wako una washiriki wasio wagonjwa, wapitishe kwenye hatua zilezile, tena kwa pamoja na wagonjwa.

Usiamini pia kila kodoni ya kusimama (alama inayokatisha utengenezaji wa protini). BRCA2 ina p.Lys3326Ter, inayokata protini ya amino asidi 3,418 karibu na mwisho kabisa. Haihesabiwi kuwa badiliko la hatari kubwa kama mikato ya katikati ya jeni.

Maswali ya wanafunzi

*Mwalimu, nina kompyuta ya RAM ya GB 16. Itatosha? Na umeme hapa Mbarara hukatika.*

Kwa paneli ya jeni 30, inatosha. Genomu nzima ya kina cha 30 ni kazi ya seva. Tenga zaidi ya GB 150 za diski kwa kila mtu. Andika mtiririko wako kwa Nextflow na uwashe upya kwa `-resume`, utaendelea kutoka hatua iliyokamilika. Faili ya BAM iliyokatika katikati igundue kwa `samtools quickcheck`.

*Nimepata badiliko la TP53 kwa mama wa miaka 68, lakini liko kwenye asilimia 18 tu ya vipande. Ni la kurithi?*

Usiliite la kurithi bado. La kurithi hukaa karibu na asilimia 50. Kwa umri huo, seli za damu zenyewe huweza kuzaa kundi la seli zenye badiliko la TP53, na tiba ya kemikali huongeza uwezekano. Omba kipande kidogo cha ngozi, waoteshe seli, wasome upya. Kama halipo, si la kurithi.

*Dada watatu wa baba mmoja mama mmoja wameugua matiti, sioni chochote. Nimekosea wapi?*

Huenda hujakosea. HaplotypeCaller haioni ufutaji wa eksoni nzima. Linganisha kina cha eksoni na sampuli zilizosomwa katika kundi lilelile, kwa ExomeDepth au GATK-gCNV. Eksoni zinazofuatana zikishuka hadi karibu nusu, omba maabara ithibitishe kwa MLPA (kipimo cha kuhesabu nakala za kila eksoni).

*Daktari anataka majibu leo. Nimpe?*

Mpe orodha ya yanayosubiri kuthibitishwa, yakiitwa hivyo. Jibu la kwenda kwa familia linahitaji damu mpya na usomaji wa Sanger (wa kipande kimoja kimoja cha DNA) katika maabara ya kitabibu, kwa sababu mirija hubadilishana. Daraja la "lisilojulikana" lisitumike kupima ndugu wala kuamua upasuaji.