Kumzoesha mtoto mboga bila vita mezani

Mwongozo huu ni wa mtoto wa miaka 2 hadi 9. Kama kinachokusumbua ni uzito wake, elewa hili mapema: mboga zikiongezwa juu ya chakula kilekile, uzito haushuki. Husaidia zinapochukua nafasi ya kitu kingine. Gramu 100 za karoti au brokoli zina kilokalori 35 hadi 40 hivi, wakati kijiko kimoja cha mezani cha mafuta kina karibu 120. Mboga inayoelea kwenye mafuta si chakula chepesi tena.

Hatua ya 1: Pima. Kwa siku 3, pima kwa mizani ya jikoni mboga na matunda aliyokula, si uliyompakulia. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza angalau gramu 250 kwa siku kwa miaka 2 hadi 5, na 350 kwa miaka 6 hadi 9. Viazi havimo.

Hatua ya 2: Chagua mboga moja. Anza na yenye utamu kidogo, kama karoti au njegere. Baadhi ya watoto huzaliwa na ulimi unaohisi uchungu kuliko wenzao, hasa kwenye jamii ya kabichi. Huo si ukaidi.

Hatua ya 3: Ipike vizuri. Brokoli ikate vipande vidogo, uipike kwa mvuke dakika 4 hadi 5, mpaka uma uingie kwa kusukuma kidogo. Ikipitiliza, kijani chake hufifia na harufu ya salfa hujaa jikoni. Mtoto ataikataa kwa pua kabla ya ulimi. Aliye chini ya miaka 4 usimpe karoti mbichi ya vipande vya duara, inaweza kumkaba. Ichemshe hadi ipondeke kwa vidole.

Hatua ya 4: Tanguliza mboga. Weka gramu 30 hivi mbele yake dakika 10 kabla ya chakula kingine, akiwa na njaa. Hapa ndipo wengi hukwama: mtoto kanywa kikombe cha maziwa saa moja kabla, halafu tunashangaa kwamba hataki kula. Acha saa 2 bila vitafunio, maziwa wala juisi.

Hatua ya 5: Rudia. Kuonja kipande cha ukubwa wa punje ya njegere kunatosha. Huenda ikahitajika mara 8 hadi 15, siku tofauti, na wazazi wengi huacha kwenye ya tatu au ya nne. Piga alama kwenye karatasi kila anapoonja. Akitema, hesabu, ameonja.

Usiseme "maliza mboga upate keki." Unamfundisha kwamba mboga ni adhabu na keki ni tuzo. Kusaga mboga ndani ya mchuzi huongeza gramu, lakini ulimi haujifunzi kitu, kwa hiyo weka na nyingine inayoonekana.

Hatua ya 6: Badilisha sahani. Akishazoea, nusu ya sahani iwe mboga na matunda, na vyakula vya wanga na vya kukaanga vipungue kwa kiasi hicho. Usimwekee mlo wa kupunguza uzito kwa uamuzi wako: kwa watoto wengi wanene, lengo ni uzito utulie huku kimo kikiongezeka, na hilo husomwa kwenye chati ya ukuaji pamoja na mhudumu wa afya. Mpeleke mapema ikiwa anapungua uzito, au anakabwa na kutapika kila akipewa chakula chenye vipande.