Pima uhakika wako kwa alama kumi
Kabla ya kutamka kwamba jambo fulani ni kweli au si kweli, jiulize ungelipatia alama ngapi za uhakika katika kumi, kisha uiandike alama hiyo daftarini pamoja na tarehe. Hapa Bagamoyo, ambako mvua za vuli huweza kuchelewa hata upepo wa kusi ukiwa umekwisha kulegea, mimi huandika, kwa mfano, “mvua itanyesha kabla ya Ijumaa: saba”, na siku ikifika huandika ndiyo au hapana bila kujitetea. Baada ya miezi michache, kusanya kauli zote ulizozipa saba: zikiwa zimetimia takribani saba katika kila kumi, kipimo chako ni kizuri, zikiwa zimetimia nne tu, unajiamini kupita kiasi, kosa ambalo kwa maoni yangu ndilo linalotuumiza zaidi. Mwaka 1950 Glenn Brier, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, alichapisha kanuni ya kupima utabiri wa namna hii. Sifuri na kumi, yaani hakika kabisa kwamba jambo si kweli au ni kweli, zitumie kwa nadra sana. Habari mpya ikikufikia, pandisha au shusha alama kulingana na uzito wake, pengine kutoka saba hadi tano, badala ya kuitupa imani yote au kuing’ang’ania yote.