Mtoto Anayehara Damu kwa Wiki Nyingi: Namna ya Kutafuta Tiba ya Utumbo Ukiwa Mtwara au Lindi

Kuhara damu kwa siku mbili tatu ni jambo ambalo wazazi wa huku kusini wanalifahamu, na mara nyingi husababishwa na vidudu. Lakini mtoto ambaye choo chake kina damu na ute kwa zaidi ya wiki nne, au kinachoacha kisha kurudi, ambaye maumivu ya tumbo humwamsha usiku na ambaye mstari wake kwenye kadi ya kliniki umelala badala ya kupanda, anahitaji kutazamwa kwa jicho jingine. Huenda ana ugonjwa sugu wa kuvimba kwa utumbo, ambapo kinga ya mwili inaushambulia utumbo wenyewe. Aina zake kuu ni mbili: ugonjwa wa Crohn, unaoweza kushika mahali popote kuanzia mdomoni hadi sehemu ya haja kubwa, na ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana. Hauambukizi, na haukutokana na chakula ambacho mama alimpa mtoto.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: usianze kutafuta dawa kabla ugonjwa haujathibitishwa, na kila kinachoweza kuthibitishwa hapa mkoani kimalizike hapa, kwa sababu safari ya kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500 na kuirudia kwa ajili ya kipimo cha choo ni kumchosha mtoto na kuimaliza familia. Mtoto wa dada yangu alipewa metronidazoli, dawa ya amiba, mara nne katika miezi mitano, kila mara kwa maelezo ya mdomo tu, bila choo chake kupelekwa maabara hata siku moja. Miezi ile mitano hakukua.

Anzia basi kwenye choo. Choo cha kutafutia amiba kinatakiwa kifike kwenye hadubini kingali cha moto, ndani ya nusu saa hivi, kwa sababu amiba aliye hai hutambulika akiwa anatembea. Choo kilichofungwa kwenye nailoni tangu alfajiri na kuletwa kwa bodaboda kutoka kijijini huleta jibu la “hakuna kitu” ambalo halipaswi kuaminiwa. Ni heri mtoto ajisaidie hospitalini hapo hapo, kwenye kikopo kikavu, bila kuchanganyika na mkojo. Omba pia minyoo itafutwe kwa makini, hasa strongiloidi, ambaye huingia kupitia ngozi ya miguu peku, anaweza kukaa kimya mwilini kwa miaka mingi, na huzaliana kwa kasi ya kuua pale mgonjwa anapoanzishiwa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe ambayo pia hupunguza kinga ya mwili.

Kifua kikuu nacho hakina budi kuulizwa. Kifua kikuu cha utumbo hufanana na Crohn kiasi cha kuwachanganya hata mabingwa, na dawa zinazopunguza kinga humpa mdudu wake nafasi ya kusambaa. Kwa hiyo mwambie daktari bila kuficha kama kuna mtu mzima nyumbani anayekohoa au aliyewahi kutumia dawa za kifua kikuu. Kipimo cha virusi vya UKIMWI kifanyike, pamoja na picha kamili ya damu na vipimo vinavyoonyesha uvimbe na kiwango cha protini. Kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, daktari atataka kwanza kujua kama ni mzio wa maziwa ya ng’ombe, ambao huisha kwa kuyaondoa kwenye chakula chake au cha mama anayenyonyesha.

Vipimo hivi viulizie hospitali ya mkoa, yaani Ligula kwa walio Mtwara, Sokoine kwa walio Lindi, au Ndanda na Nyangao kwa walio karibu na hospitali hizo za misheni, kisha uombe kuonana na daktari wa watoto. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mtwara ni hatua inayofuata, na baada yake ni Muhimbili. Fuata ngazi hizo ukiwa na barua ya rufaa, kwani bima huitazama barua hiyo. Nunua daftari moja, uandike kila siku idadi ya vyoo, damu, homa na alichokula, na kila mwezi uzito wake. Bandika humo majibu yote ya maabara. Daktari mgeni akisoma daftari la wiki sita atajua mengi kuliko ambayo mzazi aliyechoka anaweza kuyakumbuka.

Kuhusu fedha, uliza mapema dawa gani zimo kwenye kitita cha bima yako, na kama huna bima, nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kuondoka. Familia nyingi za huku hupata fedha ya mkupuo mara moja kwa mwaka, korosho zinapouzwa, na mtoto huyu hawezi kusubiri mnada.

Kipimo kinachokata shauri ni cha kamera, ambapo mtoto hulazwa usingizi wa dawa, utumbo huangaliwa juu na chini, na vinyama vidogo huchukuliwa kwa uchunguzi. Akiwa chini ya miaka 6, na hasa chini ya 2, uliza kama kuna hitilafu ya kinga aliyozaliwa nayo; waeleze kama ndugu zake walifariki wakiwa wachanga au kama anapata majipu ya mara kwa mara, kwa kuwa tiba yake inaweza kuwa tofauti kabisa.

Kwa Crohn, tiba ya kwanza inayopendekezwa kwa watoto ni maziwa maalumu ya hospitali pekee, bila chakula kingine, kwa wiki 6 hadi 8. Hutuliza utumbo na kumkuza mtoto, ila ni ghali, na uji wa lishe hauchukui nafasi yake. Prednisoloni hutuliza haraka, lakini si dawa ya kudumu na haikatishwi ghafla. Vidonda vya utumbo mpana hutibiwa kwa mesalazini au sulfasalazini, na hii ya pili huenda pamoja na foliki asidi. Azathioprini, dawa ya kupunguza kinga, huhitaji damu kupimwa mara kwa mara. Infliximabu, nayo ya kupunguza kinga, hutolewa kwa dripu wiki ya 0 (siku ya kuanza), ya 2 na ya 6, kisha kila baada ya wiki 8. Uliza kabla ya kukubali kama dozi za baadaye zinaweza kutolewa Mtwara, maana dozi zinazorukwa huifanya dawa ishindwe. Upasuaji hubaki kwa wale ambao dawa zimewashinda au utumbo umeziba.

Kabla ya dawa za kupunguza kinga, hakikisha chanjo zimekamilika, hasa ya surua, kwa sababu chanjo hai hazitolewi dawa hizo zikiwa zimeshaanza. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni huweza kuuamsha ugonjwa. Kwa homa tumia parasitamoli, na malaria ipimwe siku hiyo hiyo. Dawa za mitishamba zitaje kwa daktari kwa majina yake. Akijaa tumbo na likawa gumu, akitapika kijani, akiharisha damu zaidi ya mara sita kwa siku au akikosa mkojo, mpeleke hospitali iliyo karibu usiku huo huo, daftari likiwa mkononi.