Kubandua kinywe kwa selotepu na kuhesabu tabaka kwa simu

Kinywe, yaani grafiti, ni kaboni iliyojipanga tabaka juu ya tabaka; hapa tunakibandua hadi zibaki tabaka chache, kisha tunazihesabu. Penseli iweke kando. Kiini chake kimechanganywa na udongo, utakesha bure. Tafuta kinywe chenyewe cha magamba, kama kile cha Mahenge, uchague gamba lenye ukubwa wa punje ya mtama.

Vijana wangu wa kidato cha sita nawaanzisha asubuhi mapema, kabla upepo wa Dodoma haujachachamaa. Vumbi likiingia kwenye gundi, kila doa kwenye hadubini litakudanganya. Funga madirisha, zima feni. Slaidi, kile kioo cha kuwekea sampuli kwenye hadubini, isafishe kwa spiriti ya duka la dawa, kisha spiriti tena. Maji ya bomba hapana: ya kwetu yana chumvi, yakikauka yanaacha madoa meupe.

Bandika gamba kwenye selotepu, ikunje juu yake, bonyeza kwa dole gumba, fungua taratibu. Rudia kwenye gundi mpya, mara tano hadi kumi, mpaka weusi unaong'aa ugeuke kijivu hafifu. Ndani ya tabaka, kila atomu ya kaboni imeshikwa barabara na tatu za jirani. Kati ya tabaka na tabaka kuna nanomita 0.335 na mshiko dhaifu, ndiyo maana gundi ya dukani inashinda. Hivi hivi ndivyo Andre Geim na Konstantin Novoselov walivyoipata grafini, yaani tabaka moja tu la kinywe, kule Manchester, wakaitangaza mwaka 2004 na kupewa Nobeli ya Fizikia mwaka 2010.

Bandika selotepu kwenye slaidi, isugue kwa kifutio dakika moja hivi, ibandue kwa kuilaza, si kuivuta juu.

Sasa utamu wenyewe. Washa taa ya chini ya hadubini. Cheusi ti kipite; chenye kingo za mviringo ni gundi. Unatafuta kijivu chenye kingo zilizonyooka, kinachopitisha mwanga. Kipige picha kwa simu, kioo cha slaidi kisiwe cheupe pe kwenye picha, usome namba za mwangaza kwenye programu ya kuhariri picha. Namba hizo haziendi sambamba na mwanga: gawanya ya kipande kwa ya kioo kitupu, jibu lipandishe kwa kipeo cha 2.2. Kioo 200, kipande 190: unapata 0.89, yaani asilimia 11 ya mwanga imemezwa. Tabaka moja humeza asilimia 2.3, basi hapo pana tano hivi. Ni makadirio, maana kila simu inakoleza picha kivyake.

Wanaotaka tabaka moja siku ya kwanza huwa nawazuia. Watafiti huliona kwa kutumia silikoni yenye oksaidi ya nanomita 300, ambapo mwingiliano wa mawimbi ya mwanga hukoleza tofauti. Kwenye kioo cha shule, tano ni ushindi.

Ukikipata, usisogeze slaidi kabla ya kuzungushia alama ya kalamu kwa chini. Kukitafuta upya ni kazi ya siku nzima.