Soksi za sufu za kuvaa na buti
Wewe unayeamka alfajiri Njombe au Limuru na kuingiza miguu kwenye buti la baridi, usichague soksi kwa unene tu. Sufu ikilowa jasho bado hukupa joto. Pamba ikilowa hukugandisha. Ila soma lebo: sufu tupu hutoboka kisigino upesi, iliyochanganywa na nailoni kidogo hudumu. Igeuze soksi ndani iwe nje, pitisha kidole kwenye mshono wa mbele. Ukiusikia umetuna kama kamba, iache, huo ndio utakaokutoa malengelenge. Buti lijaribu ukiwa umevaa soksi hiyo, maana mguu ukibanwa damu haipiti vizuri na baridi huzidi. Mimi hufua kwa maji baridi, naanika kivulini; ya moto huzirudisha zikakataa kuingia mguuni.