Paka mdogo na mlango wa uani: lini umwachie atoke

Hapa Ngamiani, Tanga, swali hili naulizwa karibu kila wiki, na mara nyingi muulizaji huwa keshajijibu. Paka ana miezi mitatu, anakwaruza mlango tangu alfajiri, analia mpaka jirani anagonga ukuta. "Bwana mifugo, si nimwachie tu?" Kazi yangu ilianza na ng'ombe wa maziwa na mbuzi. Paka waliniingia polepole, wakiletwa kwenye kapu na watoto waliotoka madrasa, na sasa nyumbani kwangu wapo watatu.

Jibu langu halianzi na umri. Namuuliza mwenyewe: ukimwita, anakuja? Wengi hucheka. Paka aitwe aje, kwani mbwa? Basi huyo bado hajawa tayari, na mwenye paka pia bado.

Kuna jambo moja niliondoe njiani kwanza. Pwani hii ukimweka paka ndani, hukosi bibi wa kukukumbusha habari ya yule mwanamke wa kwenye hadithi ya Mtume, aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Mama yangu mkubwa alinijia nayo, kasimama mlangoni na kanga yake kiunoni. Nikamwambia, shikamoo mama, ila tuimalize yote: yule alimfungia paka, hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutie wadudu wa ardhini. Wangu anakula mara tatu kwa siku, ana maji, ana boksi la mchanga. Akanitazama, akasema, "Marahaba. Haya, lakini usije ukamsahau." Hajarudi na hoja hiyo tena, ila kila akija hupita jikoni kukagua bakuli.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya chanjo

Chukua kalenda ya ukutani na kalamu. Chanjo ya mafua ya paka na ule ugonjwa wa kuhara na kutapika unaofagia watoto wa paka huanza wiki ya 8 hivi, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4, na ya mwisho isitolewe kabla hajafika wiki ya 16. Watu wengi huchoma moja wakaona yamekwisha. Hayajaisha. Kinga aliyonyonya kwa mama yake inaweza kuizima chanjo ya mapema, ndiyo maana hurudiwa.

Chanjo ya kichaa cha mbwa anaipata kuanzia miezi 3, kisha hurudiwa baada ya mwaka. Usiipuuze kwa sababu ya jina lake. Paka naye huugua kichaa, na paka anayezurura hukutana na mbwa wa mtaani. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na karibu na siku hiyo mara nyingi wanyama huchanjwa bure au kwa bei nafuu. Ulizia ofisi ya mifugo ya kata yako.

Sasa jumlisha. Chanjo ya mwisho wiki ya 16, na kama ya kichaa ulimchoma siku hiyo hiyo, mpe wiki 4 ili kinga isimame vizuri. Tumefika wiki ya 20, miezi mitano kasoro kidogo. Kabla ya hapo mlango haufunguliwi, hata alie vipi.

Hatua ya 2: Kizazi kifungwe kabla ya mlango kufunguliwa

Hapa ndipo mimi mwenyewe niliwahi kuteleza, nami ndiye ninayewafundisha wengine. Bizari, paka wangu wa rangi ya manjano, alikuwa na miezi minne na nusu. Nikasema bado mtoto huyu, nikawa namwachia jioni azunguke uani. Akaanza kugaagaa sakafuni, kuinua makalio, na kulia usiku kucha sauti ya mtoto mchanga. Nilijua ni nini, nikajipa moyo kwamba wiki ijayo nitampeleka kwa daktari. Paka dume wa mtaa hawakungoja wiki ijayo. Siku 64 baadaye alizaa wanne chini ya kabati la vyombo, naye mwenyewe akiwa bado na sura ya kitoto. Wawili hawakupona.

Paka jike anaweza kupata joto, yaani kutaka dume, akiwa na miezi minne. Vitabu vingi vya kufugia paka vimeandikwa Ulaya, na huko vinasema paka huwa na msimu: siku zikirefuka ndipo wanaanza, siku zikifupika wanapumzika. Mwili wa paka husoma mwanga. Sisi tulio karibu na ikweta siku zetu zinakaribia kuwa sawa mwaka mzima, kwa hiyo hakuna mapumziko. Anaweza kushika mimba Januari na Julai vilevile, tena akiwa bado ananyonyesha. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba unaweza kusubiri mpaka msimu, ujue hayo ni ya watu wenye baridi.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo akiwa na miezi minne hadi mitano, jike kwa dume. Dume watu humwacha, "yeye hazai". Hazai, lakini miezi sita ikipita atatembea mitaa mitatu kutafuta jike, atapigana, na kuumana ndiko kunakosambaza ule ukimwi wa paka (hauambukizi binadamu, tulia). Akihasiwa mapema huwa hana sababu ya kwenda mbali. Baada ya upasuaji mweke ndani siku 10 hadi 14, kidonda kikauke.

Kwa ufupi, mambo yakienda sawa, unakuwa kwenye miezi mitano na nusu au sita. Huo ndio umri ninaoutaja nikibanwa sana.

Hatua ya 3: Tembea mtaani kama paka

Siku moja asubuhi zunguka nyumba yako taratibu ukitazama chini na juu. Mtaa unaufahamu kwa kimo chako. Kwa kimo cha paka ni mtaa mwingine.

Tazama kuta. Zikiwa zimepandwa vipande vya chupa juu, jua kwamba paka mdogo atarukia hapo hapo. Nimeshona nyayo za paka mara nyingi zaidi kwa sababu ya chupa kuliko kwa sababu ya mbwa. Tazama visima na mapipa ya maji yasiyo na kifuniko. Hesabu bodaboda zinazopita dakika kumi. Zikizidi tano, basi mlango wa mbele usiwe mlango wake kamwe, atumie wa uani tu.

Kisha waulize majirani nani anatega sumu ya panya. Hili halionekani kwa macho. Paka si lazima aile sumu yenyewe, anaweza kula panya aliyekwisha kuila. Sumu nyingine huzuia damu isigande, na dalili zake huchelewa siku kadhaa: fizi zinapauka, analegea, anavuja damu puani au kwenye mkojo. Watu hukimbilia maziwa. Maziwa hayatibu sumu ya panya, yanakupotezea muda tu. Kuna dawa yake, vitamini K, lakini lazima afikishwe kwa daktari mapema.

Jirani yangu wa mkono wa kushoto huanika dagaa kwenye mkeka barazani. Kabla Mdalasini, wa pili wangu, hajatoka hata siku moja, nilikwenda kwake. "Dada, habari za asubuhi. Nina paka anataka kuanza kutoka." Akajibu bila kuinua macho kwenye ungo: "Atoke tu. Akigusa mkeka wangu, mimi na wewe." Tukakubaliana: yeye ananiambia saa za kuanika, mimi paka anakuwa ndani saa hizo, na akimwona karibu amrushie maji, si jiwe. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa, lakini nje ya nyumba yake huingwa na kila mtu, na bora uwe umezungumza kabla.

Hatua ya 4: Mfundishe kurudi kabla hajajua kutoka

Hii ndiyo hatua nzima, zile nyingine ni maandalizi. Chagua sauti moja ambayo hakuna nyumba nyingine mtaani inaitoa. Mimi hugonga kijiko kwenye kopo la maziwa ya unga, mara tatu, halafu namwita jina. Sahani haifai, kila nyumba ina sahani.

Kwa wiki tatu, kila mlo uanze na sauti hiyo. Gonga, ita, weka chakula. Baada ya wiki anza kugonga ukiwa chumba kingine. Kisha gonga akiwa amelala usingizi mzito, kisha akiwa anacheza, hata akiwa dirishani ameganda anamtazama shomoro. Hapo kwenye shomoro ndipo mtihani ulipo. Akimwacha ndege akaja kwenye kopo mara tisa kati ya kumi, amefuzu. Akikataa, ongeza wiki nyingine. Na kama anakula bakuli lililojaa siku nzima, acha kumjazia, maana paka aliyeshiba haitiki.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza

Chagua siku tulivu, isiyo na mvua wala arusi mtaani. Saa 11 jioni ni saa yangu: jua limepoa, bado mwanga upo, na ni muda wa chakula chake. Asile chochote tangu mlo wa asubuhi. Kanuni ni moja: anatoka kabla ya kula, harudi nje baada ya kula.

Usimbebe. Paka aliyebebwa hajaweka njia miguuni mwake, akishtuka hajui pa kukimbilia. Fungua mlango, kaa kwenye kizingiti, subiri. Mdalasini siku hiyo alisimama mlangoni dakika nane nzima. Masikio yalikuwa yanazunguka kila moja kivyake. Akatoa mguu mmoja, akaugusa mchanga, akaurudisha akaulamba. Akatoa tena. Akafika kwenye mti wa mlangilangi, akasugua shavu kwenye shina, na hapo nikajua anaweka alama yake. Pikipiki ikapiga honi barabarani, akarudi ndani kama jiwe la kombeo, akapita katikati ya miguu yangu mpaka chini ya kitanda. Sikumfuata. Paka wako akifanya hivyo usimcheke, amefanya sawasawa: ameogopa na amekimbilia nyumbani.

Dakika kumi na tano zinatosha. Gonga kopo, alishe, funga mlango. Kesho tena saa ile ile. Wiki ya pili ongeza muda, wiki ya tatu ondoka kizingitini lakini mlango ubaki wazi. Akianza kupanda miti, tazama kama anajua kushuka kinyumenyume. Kucha za paka zimepinda kwa kupandia, na wengi huchelewa kujifunza kugeuza mwili. Akikwama, mwache saa moja mbili huku ukigonga kopo chini, kabla hujaita watoto wa mtaa wapande.

Hatua ya 6: Maghrib awe ndani

Kuanzia Maghrib mpaka jua litoke, paka wangu wako ndani. Usiku ndio wakati wa mbwa, wa taa za pikipiki na wa mapigano. Mlo mkubwa wa siku uwe huo wa jioni, atarudi mwenyewe.

Wasiotoka, au wanaotoka kwa masharti

Paka mweupe mwenye macho ya bluu mara nyingi huwa kiziwi. Simama nyuma yake, tikisa funguo bila kumgusa. Asipogeuza sikio, huyo ni wa ndani na wa uani penye ukuta. Mweupe yeyote, hata anayesikia, ncha za masikio na pua huungua na jua letu, na baada ya miaka huweza kuota kansa. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni awe kivulini.

Akirudi amechechemea au ana homa, usimpe panadol. Nusu kidonge kinaweza kumuua. Na akija na kupe au viroboto, usimwoshe kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe wala ya mbwa. Nyingi zina pemetrini au dawa nyingine za kuua wadudu za jamii yake, na mwili wa paka hauziwezi. Nimeshaletewa paka anayetetemeka mwili mzima kwa nia njema ya mwenyewe.

Asiporudi

Usikate tamaa usiku wa kwanza, wala usizunguke mitaa mitano. Paka aliyepotea kwa mara ya kwanza mara nyingi yuko nyumba ya pili au ya tatu, amejibana chini ya kitu, ananyamaza kwa hofu. Nenda saa 5 usiku, mtaa ukitulia, na tochi na kopo lako. Gonga mara tatu, ita, kisha nyamaza usikilize. Mulika chini ya magari, kwenye vyoo vya nje, juu ya dari za mabanda. Macho yake yatang'aa kabla hujamwona. Waombe majirani wafungue stoo walizofunga jioni, wengi hufungiwa humo.

Na akiwa anapotea mchana kutwa halafu anarudi ameshiba, andika kwenye ukanda mwembamba wa karatasi, "Huyu paka anakula kwako?" na namba yako ya simu, uuzungushie shingoni kwa ulegevu, uubandike kwa gundi. Ukinaswa mahali utachanika bila kumnyonga. Wangu wa tatu alirudi na jibu kwa kalamu ya bluu: "Ndiyo. Kwetu anaitwa Shabani."