Kabla hujaunga redio ya boti kwenye betri, angalia haya kwanza

Redio ya VHF ya boti inadanganya sana watu. Unaunga waya mbili, inawaka, unasikia wenzako wanaongea, unaona kazi imeisha. Afu siku injini imezima na maji yanaingia unabonyeza kitufe uite msaada, redio inazima. Ndo maana nasisitiza hii kitu, watu wapo kwenye hiyo boti.

Sababu yake ni kwamba redio ikiwa inasikiliza tu haifiki hata ampea moja, ila ukirusha, yani ukibonyeza kitufe uongee, kwa nguvu yote ya wati 25, inavuta kama ampea 5 mpaka 6 kwa mpigo, sasa waya mwembamba au kiungo chenye kutu hapo ndo kinajulikana.

Kwahiyo kabla hujanunua waya pima umbali kutoka kwenye betri mpaka redio ilipo, na uzidishe mara mbili maana umeme unaenda na kurudi, wengi wanasahau kurudi. Mfano redio ipo mita 5 kutoka kwenye betri, hiyo ni mita 10 za waya. Ukitumia wa milimita za mraba 1.5 unapoteza karibu volti 0.7 njiani wakati wa kurusha, ukitumia wa 4 unapoteza robo volti tu. Mimi nachukua wa 4 bila kufikiria mara mbili, na uwe ule wa shaba iliyopakwa bati, shaba tupu kwenye chumvi inakuwa nyeusi mpaka ndani ya mpira na huwezi kuona.

Angalia pia boti yako ni volti ngapi. Kama ni 24 usiunge moja kwa moja, redio nyingi ni za 12, tafuta kifaa cha kushusha, na usiibe 12 kwa kuchukua betri moja kati ya zile mbili, zitachaji vibaya zote.

Fyuzi iwe kwenye waya mwekundu na iwe karibu kabisa na betri, sio kule kwenye redio, kwasababu kazi yake ni kulinda waya wote usishike moto. Ukubwa fuata kitabu cha redio yako, mara nyingi ni ampea 10. Kama boti ina betri ya kuwashia injini na nyingine ya matumizi, weka redio kwenye ya matumizi, starta ikivuta volti zinashuka na redio inaweza kujizima.

Siku ya kazi toa negativu ya betri kwanza, pitisha hewa maana betri inatoa gesi inayolipuka. Viungo vibane kwa koleo la kubania viungo halafu vivishe mpira unaonywea kwa joto, usizungushie selotepu tu. Na usije ukabonyeza kurusha kabla antena haijafungwa, unaweza kuua redio mpya.

Ukimaliza usiridhike na taa. Chagua chaneli ambayo haina mtu, sio 16 (ya kuita msaada) wala 70 (ya ishara za dharura za kidijitali), rusha kwa wati 25 sekunde chache huku mwenzako anapima kwa mita ya volti kwenye betri, halafu rudieni tena akipima nyuma ya redio. Tofauti ikizidi nusu volti tatizo liko njiani, rudi ukague kiungo kimoja kimoja, anza na vya negativu.